Mwiba Umetoka, Mdudu Hajatoka: Matatizo ya Kupiga Picha Wadudu Kwenye Kaktasi ya Nyumbani

Kaktasi yangu ilianza kama bapa moja nililopewa na shangazi, limefungwa kwenye gazeti kama samaki wa kukaanga. Nililiacha juu ya kabati wiki nzima kidonda chake kikauke, nikalipanda kwenye ndoo ya rangi ya lita 20 iliyojaa mchanga mweusi na kokoto, ndoo nikaiweka nyuma ya nyumba, huku Majengo, Moshi. Leo ina mabapa zaidi ya 30 na sijawahi kuikuta peke yake. Sisimizi wanapanda na kushuka, nzi wa kijani wanaota jua, kuna buibui mrukaji aliyehamia bapa la tatu kutoka chini, na ikichanua nyuki wanazama kwenye ua mpaka wanapotea.

Ni dungusi kakati ileile ya kwenye nyua, yenye mabapa kama soli za ndala. Wauza maua mjini wanasema kaktasi, na mimi nimeshazoea.

Nimepiga picha viumbe wa ndoo hii tangu 2018, mwanzoni kwa simu, baadaye kwa kamera ya mtumba, na nimefuta picha nyingi kuliko nilizotunza. Makosa nimeyapanga kwa jinsi yanavyojionyesha kwenye kioo, kwa sababu hapo ndipo unapokutana nayo: picha mbaya unaiona kwanza, sababu unaitafuta baadaye.

Anza kwa kuikuza picha

Usiguse mpangilio wowote wa kamera kabla ya hili. Ikuze picha mpaka mdudu ajae kioo, halafu zunguka nayo taratibu kona zote. Je, kuna kitu chochote kilichotoka vizuri, hata kama si mdudu? Kama kipo, iwe ncha ya mwiba, ukingo wa bapa au chembe ya vumbi, mkono wako haukutikisika. Fokasi, yaani sehemu ambayo kamera imeichagua itoke kali, imeangukia pasipotakiwa. Kama hakuna hata kimoja, tafuta vitone vinavyong'aa. Vikiwa vimevutika na kuwa vistari vyote kuelekea upande mmoja, kuna kilichotikisika: wewe, ndoo, au mdudu mwenyewe. Vikiwa vimevimba kuwa viduara laini, umesogea karibu kuliko lenzi inavyoweza kuona. Na picha nzima ikiwa na utando kama maziwa yaliyozidishwa maji, futa lenzi kwa kitambaa laini. Usicheke. Simu inayokaa mfukoni pamoja na funguo na noti za daladala hupaka kioo chake mafuta, na watu huja kulalamika kwamba kamera imeharibika.

Hatua hii inachukua nusu dakika na itakuokoa asubuhi nzima ya kurekebisha kisichoharibika.

Mwiba mkali, mdudu ukungu

Hili ndilo tatizo lenyewe la kaktasi. Anayepiga picha wadudu kwenye jani la mchicha halijui kabisa.

Fokasi ya kiotomatiki hupenda kitu kilicho karibu na lenzi na chenye mstari unaojitenga na kilicho nyuma yake. Mwiba una sifa zote mbili. Ni mweupe, nyuma yake kuna kijani, na umechomoza sentimita 2 au 3 kukufuata. Mdudu yuko chini kwenye ngozi ya bapa, rangi yake imejificha. Kamera ikichagua mwiba, imefanya kazi yake vizuri tu, ila si kazi uliyoitaka.

Kwenye simu, bonyeza pale alipo mdudu na ushikilie kidole mpaka ioneshe kwamba fokasi imefungwa. Baada ya hapo usiguse tena kioo. Sogeza simu yenyewe mbele na nyuma, kidogo kidogo, mpaka macho ya mdudu yakae sawa. Kama bado inang'ang'ania mwiba, simamisha kijiti cha kiberiti kwenye ngozi ya bapa, kando ya mdudu, kwa umbali uleule. Fokasi kwenye kijiti, funga, kiondoe, rudi kwa mdudu. Kwenye kamera ni rahisi zaidi: zima otomatiki. Zungusha pete mara moja kupata ukubwa unaoutaka, kisha iache. Kuanzia hapo mwili wako ndio unaofokasi. Unayumba kwenda mbele kama mtu anayesinzia kanisani, na unapopita kwenye macho ya mdudu unapiga tano au sita mfululizo. Moja itakubali.

Hata ukifanya yote hayo, unapambana na hesabu. Lenzi ya makro, ya kupigia vitu vidogo kwa karibu, inapofika kiwango ambacho mdudu wa milimita 10 anachukua milimita 10 halisi kwenye kihisi, ile sehemu ya ndani ya kamera inayopokea picha, kwa kamera kubwa yenye kihisi cha milimita 36 kwa 24, unene wa eneo linalotoka kali kwa tundu la lenzi la f/8 ni kama milimita 1 tu. Milimita 1! Mwiba umesimama milimita 20 mbele ya ngozi. Haiwezekani mwiba na sisimizi vyote vitoke, na hakuna mpangilio utakaovipatanisha. Inabidi uchague.

Wengi hapo hukimbilia kufinya tundu la lenzi: f/16, f/22, wakidhani tatizo litaisha. Unene unaongezeka kweli, lakini picha yote inalegea. Kwa ukaribu huo f/16 iliyoandikwa kwenye lenzi inafanya kazi kama f/32, na mwanga ukipita kwenye kitundu kidogo namna hiyo unatawanyika. Mimi huishia f/8 hadi f/11. Anayetaka zaidi apige picha 10 au 20 akihamisha fokasi kidogo kidogo, halafu programu ya kompyuta iziunganishe. Njia hiyo inafaa kwa kiumbe asiyetembea. Kwa sisimizi utapata mdudu mwenye miguu 14.

Dawa ninayoiamini haiko kwenye kamera. Acha kupiga uso wa bapa. Piga ukingo wake. Bapa ni kama sahani iliyosimama wima. Ukiliangalia usoni, miiba yote inakuelekea wewe. Shuka, piga magoti, kamera iwe usawa wa ukingo wa juu, na mara miiba ya pale inaelekea angani au pembeni. Sisimizi wanapenda kupita ukingoni kuliko mahali pengine popote, na buibui mrukaji hupanda hapo kutazama mawindo. Anakaa peke yake, nyuma yake kuna hewa tupu. Tangu nianze kupiga magoti ndoo ileile imekuwa mmea mwingine.

Ikibidi kupiga uso wa bapa, angalia miiba ilivyopangwa. Inaota kwenye vidoti vilivyo kwenye mistari ya mshazari, na kati ya mstari na mstari kuna kichochoro. Ingiza lenzi kwa kufuata kichochoro hicho. Na bamba la mgongo wa kamera lilingane na mdudu: akiwa ubavu, nawe uwe ubavu wake, ili mwili wake wote uingie ndani ya ile milimita moja.

Neno moja la majuto. Mwaka wa kwanza nilikata miiba minne kwa kikatia kucha ili nipate nafasi. Picha zilitoka safi. Kesho yake buibui hayupo. Nilipochungulia nikaona kifuko chake cha hariri, anacholala usiku, kimening'inia upande mmoja kama chandarua kilichokatika kamba: kilikuwa kimefungwa kwenye miiba ileile. Tangu siku hiyo miiba inabaki.

Picha yote imetikisika

Watu husema kaktasi haitikisiki. Bapa la chini ni kweli. Yale ya juu yamebebana, kila moja limeshika la chini yake kwa shingo nyembamba, na kaupepo kadogo tu kanafanya kilele kiitikie kama mzee anayekubaliana na hotuba. Huku kwetu mchana hewa inapanda kutoka tambarare kuelekea mlimani, hivyo kuanzia saa nne na kuendelea upepo ni wa uhakika. Asubuhi ya saa moja ni shwari. Ukilazimika kupiga mchana, chomeka fimbo kwenye ndoo na ulishike bapa kwa kibanio cha nguo cha mbao, upande usioonekana.

Halafu wewe mwenyewe. Spidi ya shata, yaani muda ambao kamera inafunguka kupokea mwanga, iwe angalau 1/250 ya sekunde. Chini ya hapo unabahatisha. Mwanga usipotosha, pandisha ISO, wepesi wa kamera kupokea mwanga, mpaka 800 au 1600 bila huruma. Picha yenye chembechembe bado ni picha, iliyotikisika ni ya kufuta. Mkono wa kushoto usielee hewani. Mimi huegemeza kifundo kwenye mdomo wa ndoo, na kiganja kinabeba lenzi. Stendi ya miguu mitatu ninayo, inakusanya vumbi: nikimaliza kuiweka sawa mdudu ameshahama kata.

Kuna na pumzi. Kwa umbali wa sentimita 10 unapumua moja kwa moja juu ya mmea. Sisimizi wanaihisi hewa unayoitoa, na utaona msururu uliokuwa umetulia unavurugika ghafla, kila mmoja anakwenda kwake. Asubuhi za baridi za Juni na Julai pumzi hiyohiyo inatia ukungu kioo cha lenzi. Vuta hewa, toa nusu pembeni, bana, piga. Usibane muda mrefu, kichwa kitazunguka, na ukianguka unajua unaangukia nini.

Mama mwenye nyumba alinikuta siku moja nimebana pumzi, nimepiga magoti, macho yamenitoka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwanangu, hiyo ndoo imekufanyia nini hata uipigie magoti kila kukicha?"

"Kuna buibui hapa, mama."

"Buibui wapo hata stoo kwako."

Sikuwa na jibu.

Simu inakataa kukaribia

Simu nyingi zenye kamera mbili au tatu zina tabia ya kuhama lenzi zenyewe. Ukifika karibu, inaacha lenzi kuu na kuingia kwenye ile pana, bila kukuuliza. Dalili yake: picha inaruka ghafla kwenye kioo, na mandhari ya nyuma yanaongezeka. Lenzi pana inakaribia zaidi lakini ukali wake kwa kawaida ni mdogo. Tafuta kwenye mipangilio mahali pa kuzima kuhama huko, kisha rudi nyuma sentimita 5 au 10 na ukuze mara 2. Mdudu atakuwa mdogo ila safi. Zile kamera za ziada zilizoandikwa "makro" za megapikseli 2 kwenye simu za bei nafuu mimi naziona pambo.

Lenzi ya kubana, inayopachikwa mbele ya simu kwa kibanio, ndiyo msaada wa kweli, ila ujue umbali wake. Chukua 250, gawa kwa namba ya ukuzaji: lenzi ya mara 10 inataka mdudu akae kama milimita 25 kutoka kwenye kioo, ya mara 15 kama milimita 17. Ukiwa mbali au karibu zaidi huoni kitu. Sasa fikiria miiba ya milimita 20 na lenzi inayotaka kukaa milimita 17: miiba itagonga kioo kabla hujamfikia mdudu. Kwa kaktasi chukua ya mara 10 au chini yake, iliyobaki waachie wapiga picha wa majani.

Mimi niliuziwa mjini moja yenye namba 37, muuzaji akaniapia kwamba inakuza mara 37. Nyumbani niligundua 37 ni kipenyo cha uzi wa skrubu, kwa milimita. Kabla hujatoa hela, omba waipachike kwenye simu yako na uangalie maandishi madogo ya noti. Utajua hapohapo.

Mwenye kamera na hana pesa ya lenzi ya makro anaweza kugeuza lenzi ya kawaida ya milimita 50 nyuma mbele kwa pete maalumu ya bei ndogo, akapata karibu ukubwa halisi wa mdudu. Hasara yake ni kwamba kamera haiongei na lenzi tena. Fokasi ya kiotomatiki inakufa, na tayari tumeshakubaliana kwamba haikuwa ya maana.

Mwanga mkali, kivuli cheusi

Moshi iko zaidi kidogo ya digrii 3 kusini mwa ikweta. Karibu na katikati ya Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua la saa sita linasimama utosini, na miezi mingine haliondoki mbali. Picha ya saa hizo ina ngozi ya bapa iliyong'aa kama nailoni, sisimizi aliyegeuka tundu jeusi, na vivuli vya miiba vilivyomkatakata mdudu mapande. Hakuna programu itakayorudisha kilichoungua. Pigia kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi. Au subiri wingu: Kibo akishajifunika, na hujifunika karibu kila siku mchana ukikaribia, anga lote linakuwa taa moja kubwa laini.

Kama huwezi kusubiri, simamisha kitu cheupe kinachopitisha mwanga kati ya jua na mmea. Zamani nilitumia mfuko wa Rambo. Baada ya marufuku ya mifuko ya plastiki ya Juni 2019 nikahamia kwenye kipande cha dumu jeupe la maji, na kusema kweli ni kizuri zaidi, kinasimama chenyewe.

Kwa flashi kanuni ni hiyohiyo, iwe laini. Flashi tupu kwenye mdudu mwenye gamba huacha kitone cheupe cha kukera mgongoni. Kipande kilekile cha dumu, kimekunjwa mbele ya taa na kusogezwa karibu na mdudu kadiri inavyowezekana, kinakifuta. Flashi ina faida ambayo jua halina: ikiwaka kwa nguvu ndogo mwako wake ni mfupi mno, mara nyingi chini ya sehemu moja ya elfu kumi ya sekunde, kwa hiyo inamgandisha hata sisimizi anayekimbia.

Ukiona utepe mweusi umefunika upande mmoja wa picha ya flashi, shata yako imepita spidi inayolingana na flashi. Kamera nyingi mwisho wao ni 1/200 au 1/250. Rudi hapo, utepe utaondoka.

Na nyuma pakiwa peusi kama usiku, ilhali ni saa tatu asubuhi? Mwanga wa flashi unachoka haraka. Umemfikia mdudu, haukufika ukutani. Wengine wanaupenda weusi huo. Mimi naona unadanganya, unamfanya nzi wa asubuhi aonekane popo. Weka kitu cha rangi sentimita 15 hivi nyuma ya mdudu. Hapa Moshi jibu liko mlangoni: kata kipande cha jani la mgomba. Kijani chake ni laini na hakina miiba ya kukushindania.

Usiku, picha za mjusi kafiri anayewinda nondo karibu na taa ya baraza hutoka na mistari ya giza na mwanga. Umeme wetu ni wa 50 Hz, na balbu nyingi zinapepesa mara 100 kwa sekunde bila jicho kuona. Weka shata 1/50 au 1/100 na mistari itapungua au kwisha. Usimmulike tochi usoni. Hana kope za kufumba, mboni inajifinya kuwa kauzi, na picha inapoteza jicho.

Rangi ya kijani kichafu ni mwanga ulioruka kutoka kwenye majani ya jirani. Rekebisha mizania ya rangi kwenye kamera au baadaye. Madoa ya kijivu yanayokaa mahali palepale kila picha ni vumbi ndani ya kamera. Lipulize kwa kipulizio cha mpira, kamwe si kwa mdomo.

Mdudu hayupo, au anakimbia

Ukifika na ndoo iko tupu, angalia saa kwanza. Msimu wa baridi sisimizi wangu hawatoki mpaka jua limelipasha bapa joto, yaani saa tatu hivi. Januari wako kazini alfajiri. Mdudu aliyepoa ni mpole, kwa hiyo dakika za kwanza za jua ndizo za dhahabu: ameshatoka, hajachangamka. Kuna wanaomtia mdudu kwenye friji ili atulie. Mdudu wa friji anajulikana kwa jinsi anavyokaa, miguu imekunjwa kama mtu aliyepigwa na malaria, na sioni kwa nini ujisifie picha hiyo.

Sisimizi usiwatafute mmea mzima. Mabapa machanga ya dungusi kakati yanatoa vitone vya utomvu mtamu kwenye vile vidoti vya miiba, hata kabla hakujawa na ua, na sisimizi wanavilinda kama kisima. Chagua bapa changa moja, weka fokasi kwenye kitone, subiri. Atakuja yeye. Ndivyo nilivyopata picha ninayoipenda kuliko zote: sisimizi ameinua kichwa, kitone kiko mbele ya taya, na ndani ya kitone kuna ukuta wa nyumba, juu chini.

Buibui mrukaji ana macho manane, mawili ya mbele makubwa kama taa za lori. Anakuona. Ukija kwa kasi anazunguka upande wa pili wa bapa, na ukimfuata anazunguka tena; mtacheza hivyo mpaka mchana. Njoo taratibu, ukiwa chini yake, na usimtupie kivuli. Akigeuka kukutazama tulia, hiyo ndiyo picha. Akiruka usihangaike: ameacha uzi nyuma yake na mara nyingi hayuko mbali.

Pamba nyeupe isiyotembea

Hapa tatizo la picha na tatizo la mmea vinakutana. Ukiona vishada vyeupe kama pamba vimekaa kwenye bapa siku nne bila kusogea, si ukungu. Ni wadudu wanaofyonza maji ya mmea wakiwa wamejifunika nta yao. Ponda kishada kimoja kwa kijiti. Kikitoa wekundu mzito kama wino, huyo ni mdudu wa karmini, ambaye Wamexico walimfuga kwenye dungusi kakati kwa ajili ya rangi karne nyingi zilizopita. Wakitembea polepole na wana vishikizo vya nta pembeni mwa mwili, yaelekea ni vidung'ata.

Picha yao hutoka kama theluji, haina umbo, kwa sababu weupe umeungua. Punguza mwanga hatua moja au moja na nusu, mulika kutoka ubavuni, na kwa brashi ndogo iliyoloa sogeza nta kidogo ili mwili uonekane. Hawa hawatembei, kwa hiyo zile picha 20 za kuunganisha hapa ndipo mahali pake. Ukimaliza kupiga waondoe kwa maji ya kasi na sabuni. Nilichelewa mara moja kwa sababu nilitaka kuona watoto wao, nikapoteza mabapa manne.

Mkono unawasha, jicho linauma

Miiba mirefu haina shida, unaiona. Wabaya ni vile vinywele vya dhahabu vilivyojaa chini yake, vyenye ncha zilizopinda nyuma. Ukigusa bapa kwa kifundo vinaingia kwa mamia, na vinabaki hata kwenye mkanda wa kamera. Usisugue. Bandika selotepu, bandua, rudia. Vilivyobaki vivute kimoja kimoja kwa kibano.

La jicho ni zito zaidi. Mimea mingi inayoitwa kaktasi kwenye bustani za Moshi na Arusha si kaktasi; ni jamaa za mnyaa. Kata au kwaruza kidogo: ikitoka maziwa meupe, ni hizo. Kaktasi ya kweli kwa kawaida haitoi maziwa, na miiba yake inaota kwenye vidoti vyenye manyoya. Maziwa ya mnyaa yakiingia jichoni yanaunguza vibaya, na mpiga picha anashika shina kisha anabana jicho hilohilo kwenye kitundu cha kamera. Nawa mikono kwanza. Yakishaingia, osha jicho kwa maji mengi yanayotiririka, kwa robo saa, na uende hospitali.

Ua limebadilika kati ya picha mbili

Hili lilinichanganya muda mrefu. Ninapiga ua la njano likiwa wazi, nyuzi zake za chavua zimetanuka kama brashi. Nyuki anaingia, anatoka. Napiga tena: nyuzi zimejikusanya katikati, kana kwamba ni ua jingine. Nilidhani nimesogeza kamera.

Nyuzi za dungusi kakati zinajikunja zikiguswa. Nyuki akipita zinamwinamia, na yeye anatambaa ndani yake akitoka amejipaka unga. Jaribu kwa unyasi mkavu uone. Kwa hiyo ukitaka ua lililotanuka, uwe pale kabla ya nyuki wa kwanza. Ukitaka nyuki, usifokasi juu ya ua, maana atapotea kwenye nyuzi. Fokasi kwenye ukingo wa petali anapotokea, bana pumzi, na uhesabu. Wangu huwa wanatoka nikifika saba au nane, kwa kurudi nyuma, matako kwanza.